Mtambo Mdogo wa Pombe Kali na Mimea ya Asili: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mbinga na Pwani ya Ziwa Nyasa

Utangulizi

Makala haya yanafafanua jinsi pombe kali inavyotengenezwa katika viwanda vidogo vinavyotumia mimea ya asili, na yanamwelekeza mgeni anayezuru kiwanda cha aina hiyo mambo ya kuyatazama na maswali ya kuyauliza. Nyuma ya ufafanuzi huo kuna swali ambalo mwandishi ameshindwa kulikwepa. Jijini Nairobi kuna kiwanda kiitwacho Procera ambacho hutengeneza jini kwa tunda la mtarakwa, nacho husifiwa ndani na nje ya Afrika kwa kuutumia mti wa nyumbani. Kusini mwa Tanzania, mwanamke anayekeneka pombe ya matunda kandokando ya kijito hutajwa katika taarifa za polisi kuwa amekamatwa na lita kadhaa za gongo pamoja na mtambo wake. Kanuni za fizikia zinazotawala kazi hizi mbili ni zile zile. Tofauti iko wapi?

Kata ya Kitura, katika Wilaya ya Mbinga, imechukuliwa hapa kama mahali pa kupimia hoja. Makala hayaelezi kiwanda kilichoko huko. Kitura iko katika nchi ya Wamatengo, watu wanaofahamika kwa kilimo cha ngoro, yaani mashimo yanayochimbwa kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko na kuhifadhi maji, na kwa kahawa ya arabika. Upande wa magharibi nchi huporomoka hadi ufuoni mwa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Huko mihogo na samaki huchukua nafasi ya mahindi na kahawa. Mwinuko huu una maana kubwa kwa mtu anayetaka kuchemsha na kupoza kitu chochote, kama itakavyoonekana mbele.

Kinachotendeka ndani ya mtambo

Pombe za kawaida za kusini, kama vile komoni au ulanzi unaogemwa kwenye mianzi wakati wa mvua, ni matokeo ya uchachu peke yake. Hamira hula sukari na kutoa kileo, lakini kileo kinapozidi kiasi fulani hamira yenyewe hudhoofika na kufa. Kwa sababu hiyo ni nadra pombe ya uchachu kuvuka asilimia 15, na nyingi ziko chini sana ya hapo. Atakaye zaidi ya hapo hana budi kukeneka.

Ukenekaji ni kutenganisha vimiminika kwa kutumia tofauti ya viwango vyao vya kuchemka. Kileo kinachonywewa, ethanoli, huchemka kwenye nyuzi 78 za selisiasi. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, na mahali palipoinuka mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Pombe iliyochachuka inapopashwa moto, mvuke wa kwanza kutoka huwa na kileo kingi kuliko pombe iliyobaki chunguni. Mvuke huo ukipozwa hurudi kuwa kimiminika, nacho hutona kwenye chupa. Hayo ndiyo yote. Mengine ni namna ya kuyafanya vizuri au vibaya.

Mtambo wa kijijini una pipa au sufuria kubwa, mfuniko uliozibwa kwa udongo au unga uliokandwa, bomba linalopita kwenye maji ya baridi, na chombo cha kupokelea. Mtambo wa kiwanda kidogo una viungo hivyo hivyo: chungu cha shaba badala ya pipa, kipimajoto shingoni, na bomba lililozungushwa ndani ya tangi la maji. Mgeni asidhani kwamba shaba imewekwa kwa ajili ya kung'aa. Madini haya hushika misombo ya salfa inayozaliwa wakati wa uchachu, ambayo ingeipa pombe harufu ya yai viza. Bomba la chuma kilichoshika kutu, au rejeta ya gari iliyounganishwa kwa risasi, hufanya kinyume: huongeza sumu ambayo haikuwamo.

Mimea huingia kwa njia mbili. Inaweza kulowekwa katika kileo na kuchemshwa pamoja nacho, au kuwekwa katika kikapu kilichoning'inizwa kwenye njia ya mvuke. Njia ya kwanza hutoa ladha nzito. Njia ya pili huchukua mafuta mepesi ya jani au ganda, na huacha nyuma uchungu na rangi. Ndiyo maana jini huwa jeupe kama maji hata pale lilipopita katikati ya majani ya kijani.

Kuna jambo ambalo wenye viwanda hawalisemi mpaka waulizwe. Viwanda vidogo vingi duniani havichachui chochote. Hununua kileo kisicho na ladha kutoka kiwanda kikubwa, kisha hukikeneka upya pamoja na mimea. Hili si udanganyifu, kwani jini hutengenezwa hivyo kwa kawaida, lakini hubadili maana ya maneno “pombe ya mahali hapa”. Mgeni na aulize mapema: kileo chenyewe kimetoka wapi?

Kichwa, moyo na mkia

Mkenekaji hugawa kinachotona katika sehemu tatu, na ustadi wake wote hupimwa hapa. Sehemu ya kwanza, kichwa, ina viambato vyepesi vyenye harufu ya gundi au ya rangi ya kucha. Sehemu ya kati, moyo, ndiyo inayonywewa. Mkia una maji mengi na mafuta mazito yenye harufu ya nguo mbichi. Mkenekaji mwenye haraka au mwenye deni huchanganya zote tatu, kwa sababu kila kikombe anachokimwaga ni fedha anayoimwaga. Mwenye leseni na mtaji huweza kumudu kumwaga. Tofauti ya kwanza kati ya gongo na jini la Nairobi hupatikana hapo, kabla hata ya kuutaja mmea wowote.

Suala la methanoli linahitaji uangalifu zaidi, maana limezungukwa na imani zisizo sahihi. Methanoli ni kileo cha aina nyingine ambacho ini hukigeuza kuwa asidi ya fomiki. Asidi hiyo huharibu mshipa wa fahamu wa jicho, na huua. Imani iliyoenea ni kwamba ukimwaga kichwa umeimaliza, kwa kuwa methanoli huchemka kwenye nyuzi 65. Ukweli ni mgumu kidogo. Katika mchanganyiko wenye maji mengi methanoli hushikamana na maji, hivyo hutoka tangu mwanzo hadi mwisho wa ukenekaji, na kumwaga kichwa hakuiondoi yote. Kinachoamua kiasi chake ni malighafi. Pombe ya sukari au nafaka hutoa methanoli kidogo sana. Pombe ya matunda hutoa zaidi, kwa sababu pektini iliyo katika maganda na nyama ya tunda ndiyo inayovunjika na kuizalisha.

Hata hivyo, maafa makubwa ya Afrika Mashariki hayafafanuliwi na matunda. Jijini Nairobi mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe haramu iliyochanganywa na methanoli, na Wilaya ya Kabale nchini Uganda ilipoteza makumi ya watu mwaka 2010 kwa waragi yenye sumu hiyo. Kiasi kinachoua watu wengi namna hiyo kwa kawaida hutokana na methanoli ya viwandani iliyoongezwa ili kuipa pombe nguvu kwa bei ndogo. Biashara ya kificho huurahisisha uchanganyaji huo, kwa kuwa kati ya mpikaji na mnywaji kuna mikono mingi isiyojulikana.

Jaribio la kuwasha pombe na kutazama ndimi za buluu halisaidii kitu katika hili. Methanoli nayo huwaka, tena vizuri. Moto humwambia mpikaji kwamba kuna kileo cha kutosha. Haumwambii ni kileo gani. Kwa hilo inahitajika maabara. Mtu aliyekunywa pombe ya mashaka kisha akaona ukungu machoni hapaswi kusubiri ulevi umtoke. Apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa dawa ipo na muda ni mfupi.

Mimea iliyopo

Mtarakwa ni mti wa kuanzia, kwa kuwa jini bila tunda la jamii yake haliitwi jini. Jina lake la kitaalamu ni Juniperus procera. Ndugu zake wengi huishi kaskazini mwa dunia. Huu ndio uliovuka ikweta na kuota katika milima ya Afrika Mashariki. Kwa msomaji wa Mbinga jambo la kusisimua ni kwamba upo hata ng'ambo ya ziwa: kwenye uwanda wa juu wa Nyika, kaskazini mwa Malawi, kuna msitu wa mitarakwa unaohifadhiwa ndani ya hifadhi ya taifa. Viwanda vya Ulaya hutumia tunda la jamaa yake lililokaushwa. Procera hutumia tunda la mtarakwa likiwa bichi, na ladha yake hutofautiana na ile iliyozoeleka.

Lakini tunda la nyumbani hasa kwa nchi hii ya miombo ni suku. Msuku, ambao mahali pengine huitwa mkusu na ambao wataalamu huuita Uapaca kirkiana, huzaa matunda ya rangi ya kahawia isiyokolea, yenye ganda gumu kidogo na nyama tamu inayokumbusha asali. Huiva mvua zinapokaribia na kuanza. Ni tunda zuri la kuchachua, na katika nchi jirani za kusini limekuwa likitengenezewa mvinyo. Likikenekwa baada ya kuchachuka hupatikana pombe ya tunda, si jini. Na kwa kuwa ni tunda, yale yaliyosemwa kuhusu pektini yanalihusu. Linapaswa kumenywa na maganda kutupwa kabla ya uchachu, na pombe yake kupimwa.

Msuku una sifa moja ambayo mwenye kiwanda asiyeijua ataharibu msitu ndani ya miaka michache: kuna mti dume na mti jike. Jike ndilo linalozaa. Anayekata “miti isiyozaa” kwa ajili ya kuni anakata madume, na majike yaliyobaki hayatapata chavua. Zaidi ya hayo, masuku huiva wakati maghala ya mahindi yanapoelekea kuisha. Watoto huyala njiani waendapo shule, na akina mama huyauza barabarani kwa visado. Kiwanda kikinunua kila kilo kwa bei nzuri, nani atakayekula? Mwandishi anaona kwamba swali hili ni zito kuliko swali la leseni, ingawa katika mijadala ya pombe za asili halisikiki sana.

Mashariki zaidi, katika mikoa ya Lindi na Mtwara na katika sehemu za Tunduru, bibo la korosho limekwisha kufanya safari hii yote. Maji yake yaliyochachuka huitwa uraka, na uraka ukikenekwa huwa nipa, jina linalotumika pia ng'ambo ya Ruvuma, nchini Msumbiji. Bibo halishindani na chakula kwa kiwango cha suku: mkulima anataka korosho, na sehemu kubwa ya mabibo huozea chini ya miti. Kama kuna malighafi ya kusini inayostahili kujaribiwa kwanza na kiwanda halali, ni hii. Kwa Mbinga, jambo la kufanana nalo ni nyama ya tunda la kahawa, ambayo huondolewa kwenye mashine za kukobolea kahawa mbivu na, isiposhughulikiwa, huchafua vijito. Ina sukari. Inachachuka yenyewe pasipo kuombwa.

Kuhusu mimea ya ladha, tahadhari moja inatosha. Kuwa mmea ni wa asili hakuufanyi uwe salama, na kuwa ni dawa hakuufanyi uwe kinywaji. Kileo huchota kutoka kwenye mmea vitu ambavyo maji hayavichoti, kwa hiyo uzoefu wa chai ya majani fulani si ushahidi kuhusu pombe ya majani hayo. Mtonga una nyama inayoliwa, lakini mbegu zake hazitafunwi. Anayeutia mtamboni tunda zima hajauliza wenyeji.

Sheria, na majina yanayoikwepa

Marufuku ya kukeneka haikuzaliwa na serikali huru. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 uliweka ukanda mpana wa Afrika ambamo biashara ya pombe kali ilidhibitiwa, na Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukaenda mbali zaidi kwa kukataza utengenezaji wa vinywaji vya kukeneka pamoja na uingizaji wa mitambo yake katika makoloni yaliyohusika. Tanganyika chini ya Waingereza ilirithi mtazamo huo. Baada ya uhuru, Sheria Na. 62 ya mwaka 1966 ililiita jambo hili kwa jina ambalo watu wenyewe walikuwa wakilitumia: moshi. Chini ya sheria hiyo, kutengeneza moshi au kupatikana nao bila idhini ni kosa. Ni vema kusisitiza maneno “bila idhini”. Sheria haikusema kwamba kazi yenyewe haiwezekani. Ilisema inahitaji kibali.

Uganda ilikuwa imechukua hatua kama hiyo mwaka 1965, lakini kwa kuongeza kitu muhimu. Wakenekaji wa enguli wangeweza kupewa leseni kwa sharti la kuuza kwa kiwanda, ambacho kingeisafisha pombe yao na kuitia chupani kama Uganda Waragi. Kwa maneno mengine, mpikaji wa kijijini alipewa mlango wa kuingilia, hata kama ulikuwa mwembamba. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, kisha mwaka 2010 ikaihalalisha kwa masharti ya ubora na ya chupa. Tanzania, kwa upande wake, ilipata kinywaji cha kitaifa kwa njia ya kiwanda kikubwa: Konyagi, inayotengenezwa Dar es Salaam. Ilipofika tarehe 1 Machi 2017 serikali ilipiga marufuku pombe kali za viroba, kwa kuwa bei yao ndogo na udogo wa pakiti viliwafikisha vijana na hata wanafunzi kwenye ulevi. Hatua hiyo ilikuwa sahihi. Inaonyesha pia kwamba uhalali wa kiwanda peke yake hauzuii madhara.

Lugha imeyaandika haya yote. Gongo, moshi, machozi ya simba, nipa, piwa, chang'aa, na kachasu ng'ambo ya ziwa: kitu kimoja chenye majina mengi, na baadhi yake ni ya kujificha, ili asikiaye asielewe. Komoni haina lakabu nyingi hivyo, kwa kuwa hainywewi kwa kuangalia nyuma. Vivyo hivyo, neno mtambo katika taarifa za polisi humaanisha pipa na bomba; katika tangazo la kiwanda humaanisha mashine ya thamani. Istilahi za kazi yenyewe, yaani kukeneka, kichwa, moyo na mkia, hazijakaa vizuri katika Kiswahili cha kila siku, na hili nalo si bahati mbaya. Kazi isiyofundishwa hadharani haipati msamiati wa hadharani.

Kwa mtu wa Kitura atakayetaka kuingia katika njia halali leo, kibali cha pombe ni mwanzo tu. Kuna usajili wa biashara, uthibitisho wa Shirika la Viwango, ushuru wa bidhaa unaohesabiwa kwa lita, na stempu za kielektroniki kwenye kila chupa. Kila sharti lina sababu yake, na hakuna hata moja ambalo mwandishi angependa liondolewe. Lakini gharama ya kupima sampuli moja ni ile ile kwa anayetengeneza lita 50 na kwa anayetengeneza lita 50,000. Ushirika wenye mtambo mmoja na kipimo kimoja, kwa mfano wa vyama vya kahawa ambavyo Mbinga imeishi navyo kwa miongo mingi, ungeweza kugawana gharama hiyo.

Kuni na maji

Hesabu ifuatayo ni ya makadirio, nayo huachwa nje katika masimulizi mengi ya wageni. Tuchukue lita 100 za pombe iliyochachuka yenye kileo cha asilimia 7. Ndani yake mna lita 7 za kileo halisi. Baada ya kukeneka mara mbili na kumwaga kichwa na mkia, mtengenezaji mwangalifu atapata lita 12 hivi za pombe ya asilimia 40. Kwenye mafiga ya kawaida, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya joto, kazi hiyo hula takriban kilo 40 za kuni kavu. Jiko lililojengwa vizuri, lenye kuta na bomba la moshi, huweza kupunguza kiasi hicho kwa nusu.

Upande wa maji, kupoza mvuke wa mkeneko wa kwanza kwa kijito cha milimani chenye nyuzi 15 kunahitaji lita 300 hivi, maji yakiruhusiwa kupanda hadi nyuzi 45. Ufuoni, ambako maji ya ziwa huwa na nyuzi 27 au karibu na hapo, kazi hiyo hiyo huhitaji lita 500. Maji yakipungua mvuke haugandi wote. Sehemu ya kileo hupotelea hewani na inaweza kushika moto karibu na jiko. Kwa hiyo mahali pafaapo kwa mtambo ni huku juu, kwenye kijito cha baridi, wakati tunda na muhogo vinaweza kupandishwa kutoka chini vikiwa vimekaushwa au vimechachuka. Maji ya kupozea hayachafuki na yanaweza kurudishwa kwenye mifereji ya bustani. Mabaki ya chunguni ni jambo jingine: yana asidi na joto, na yakimwagwa kijitoni huua samaki. Yakiachwa yapoe na kuchanganywa na majani makavu, yanaweza kufukiwa kwenye ngoro kabla ya kupanda maharage.